Korutini katika Lugha ya C

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuunda korutini katika lugha ya C. Istilahi hiyo ilibuniwa na Melvin Conway mwaka 1958. Korutini ni fankisheni iwezayo kusita katikati ya kazi, ikaipisha nyingine, kisha ikaendelea pale pale ilipoachia. Fankisheni ya kawaida ya C haiwezi hivyo: irudipo kwa ile iliyoiita, vigeu vyake vya ndani hupotea, kwani fankisheni zote za uzi mmoja hutumia rundo moja la kumbukumbu.

Katika Windows, faiba huliondoa tatizo hili, kwa kuwa kila faiba ina rundo lake. (Twasema “faiba” kwa sababu “uzi” na “unyuzi” zina wingi mmoja, “nyuzi”.) ConvertThreadToFiber huugeuza uzi kuwa faiba, CreateFiber huunda nyingine, SwitchToFiber huhifadhi rejista za inayosita na kurejesha za inayoendelea.

Ikumbukwe kuwa faiba hazinyang’anyani zamu. Isiyopisha huzizuia zote za uzi wake. Aidha, fankisheni ya faiba ikirudi, uzi mzima hukoma. Kwa hiyo korutini imalizapo kazi haina budi kupisha, ndipo nyingine iifute kwa DeleteFiber.