Tiara Yataka Mkia

Wengi wetu twendapo uwanjani huchukua mpira tu. Mimi nawasifia tiara. Yataka karatasi nyepesi, vijiti viwili vya mwanzi vilivyofungwa mfano wa msalaba, gundi, uzi, na mkia wa vitambaa. Uzi huishika ikabili upepo, nao upepo huipiga upande wa chini na kuiinua. Uzi ukikatika, huanguka. Yangu huzunguka kama mlevi nikiipunguzia mkia, nikiuongeza, hutulia.

Wala si mchezo wa watoto tu. Mwaka 1848, mpakani mwa Marekani na Kanada, kijana Homan Walsh alivusha uzi wa tiara juu ya bonde la mto Niagara. Uzi ule ukavuta kamba, kamba ikavuta waya nene, hata daraja likajengwa.

Lakini angalieni: msiirushe karibu na nyaya za umeme, wala radi inapokaribia, kwani uzi uliolowa hupitisha umeme. Ikinasa kwenye nyaya, iacheni. Karatasi hupatikana tena, ndugu hapatikani.