Je, Wajua? Kimelea Kinachozima Ubongo Bila Kuuingia

Kibumba, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, ni nchi ya baridi, kabichi na viazi. Mlima Nyiragongo uko upande mmoja, Mlima Mikeno upande mwingine, na chini ni mawe ya volkeno yanayomeza mvua yote. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika pale, maji ya kunywa yalilazimika kuletwa kwa malori. Kwa mbu, mahali kama hapo ni pagumu.

Je, wajua kwamba baridi hukishinda kimelea kabla ya kumshinda mbu? *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria kali, hukomaa ndani ya mbu jike kwa muda wa siku 10 hadi 12 hivi kukiwa na joto la nyuzi 25. Joto likishuka kuelekea nyuzi 16 ukuaji husimama, na mbu hufa kabla hajawa na chochote cha kuambukiza. Hiyo haina maana kwamba malaria haipandi milimani. Hupanda, ila kwa shida.

Lakini nafuu hiyo ina deni lake. Mtoto wa Walikale, kule kwenye joto la msitu, huumwa na mbu tangu akiwa mchanga, na akinusurika miaka ya kwanza mwili wake huanza kuwa na kinga. Aliyekulia kwenye baridi hana akiba hiyo. Siku akishuka kutafuta riziki machimboni, huumwa akiwa mtu mzima mwenye damu geni kama ya mtoto mchanga. Watafiti waliolinganisha maeneo ya Kenya na Gambia waliona jambo linalofanana na hilo: penye mbu wengi malaria kali huwapata zaidi watoto wachanga na kuwamaliza damu, penye mbu wachache huwapata watoto wakubwa kidogo, na mara nyingi hushika ubongo.

Je, wajua kwamba kimelea chenyewe hakiingii ubongoni? Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Kimelea hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuiotesha vinundu vinavyonata. Chembe hiyo hung'ang'ania ukuta wa mshipa mwembamba wa ubongo kama kupe, nyingine hujazana nyuma yake, na damu hupita kwa taabu. Mgonjwa hupata degedege, kisha hupoteza fahamu, ilhali adui bado yuko upande wa pili wa ukuta.

Huko Blantyre, Malawi, madaktari Malcolm Molyneux na Terrie Taylor walitengeneza kipimo kisichohitaji mashine. Muuguzi humfinya mtoto kwenye ukucha kwa kalamu, au husugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole, kisha hutazama. Je, mkono unakwenda pale panapouma, au unajikunja tu? Analia sawasawa, anaguna, au kimya? Macho yanaufuata uso wa mama? Alama ya juu kabisa ni 5. Ikiwa 2 au chini yake, mtoto yuko kwenye koma.

Baadaye walipata mashine ya kupiga picha za ubongo, na mwaka 2015 wakachapisha walichokiona. Kati ya watoto 25 waliofariki katika utafiti huo, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Ubongo uliovimba hauna pa kwenda, kwa hiyo hulikandamiza shina lake, mahali panapoendesha pumzi. Mtoto huacha kupumua huku moyo ungali ukipiga.

Je, wajua kwamba jicho linaweza kumsuta daktari? Uchunguzi wa maiti uliofanyika hapo hapo Blantyre, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto walioandikiwa malaria ya ubongo walikuwa wameuawa na jambo jingine. Dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi ilikuwa nyuma ya jicho, kwenye retina: mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi, na vidoa vya damu.

Je, wajua kwamba malaria iliwahi kumpa mtu Nobeli kwa kutibu wagonjwa wa akili? Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwaambukiza malaria wagonjwa walioharibiwa ubongo na kaswende, akaiacha homa ifanye kazi, kisha akaizima kwa kwinini. Alianza mwaka 1917, akapewa tuzo mwaka 1927. Leo angeshtakiwa.

Kwinini hiyo Kivu inaijua vizuri: kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imeitengeneza kwa miaka mingi kutokana na magome ya mti wa kinkina. Lakini kwa malaria kali imepitwa. Utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwamo, ulionyesha kwamba waliochomwa sindano ya artesuneti walikufa asilimia 8.5, na wa kwinini asilimia 10.9.

Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990, akina mama waliwaeleza watafiti kwamba degedege hutibiwa nyumbani kwa mkojo au moshi wa kinyesi cha tembo. Tusiwacheke, mtoto anayetetemeka na kugeuza macho humchanganya yeyote. Ila kila saa inayopotea ina gharama: huko Kampala, mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikutwa bado ana kasoro ya kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo, mtoto mwenye homa akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, na umpeleke kituo cha afya usiku huo huo. Nawe unayetoka Kibumba kwenda bondeni, funga chandarua kwenye mzigo wako, na ukipata homa huko usiseme ni uchovu wa safari: nenda ukapimwe damu.