Kivumbasi cha Nyuma ya Jiko

Magharibi ikiingia, katika nyumba nyingi za Msambweni, kaunti ya Kwale pwani ya Kenya, na vijiji vya jirani kulikuwa na kazi moja ya kina mama: kutia makaa kwenye kigae, kukiweka mlangoni, kisha kutupia juu yake kitawi kibichi cha kivumbasi. Moshi ulitambaa chini ya vitanda, na mbu wakatafuta njia ya kutokea. Asiye na makaa alifikicha majani akajipaka mikono na miguu. Wanaofanya hivyo wangalipo, ingawa dawa za mbu za dukani zimewapunguza.

Wadigo hukiita chivumbani. Ni kichaka chenye bua la pembe nne na vijiua vidogo vilivyopangana kwenye shuke, nyuki wakikizunguka mchana kutwa. Hujiotea kandokando ya konde na nyuma ya jiko, na mwenye kupalilia akikifikia, jembe hulipitisha pembeni. Ndugu yake mrehani husukwa na asmini kwenye kikuba cha bibi harusi. Kivumbasi huitwa siku ya ugonjwa.

Siku hiyo hupigwa nyungu. Majani hutokoswa chunguni, pengine pamoja na mwarobaini. Mwenye mafua huketi kwenye kigoda, hufunikwa leso gubigubi, na chungu hufunuliwa kidogo kidogo ili mvuke usimbabue. Hutoka ametota jasho, pua imefunguka. Tumbo likisokota, majani hutwangwa na maji yake hukamuliwa yakanywewa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, neno nyungu lilivuma Tanzania nzima. Huku Kwale chungu kilikuwa hakijawahi kuwekwa kando.

Harufu ile ina sababu. Katika mafuta ya baadhi ya vivumbasi mna eujenoli, ile ile inayoipa karafuu ukali wake, na wadudu hawaipendi. Lakini kumfukuza mbu si kuiponya malaria, na hapa sitaki kumumunya maneno: mtoto mwenye homa apelekwe hospitali apimwe damu, nyungu isubiri.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba dawa hii haina mwenyewe. Kaya Kinondo, karibu na Diani, moja ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, huingii bila mwenyeji na bila kujifunga kitambaa cheusi. Miti ya mle ina wazee wake. Kivumbasi kiko nje ya uzio, mikononi mwa mabibi, na jirani akipiga hodi kukiomba hanyimwi. Ndiyo maana naumia nikiona viwanja vya Diani vikifyekwa hadi ukutani, maana ukingoni ndiko kinakoishi.

Mtoto aliyelelewa nacho akitumwa usiku kukichuma hahitaji taa. Hupapasa majani gizani, akanusa vidole, akajua amefika.