Funguo ya kadena ikae mufukoni mwako

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama munaobaki nyumbani, leo tunaongea juu ya kazi yenye inaonekana ndogo: kuingia ndani ya siterni ao ndani ya shimo ya pompe, kutengeneza moteri ao kubadilisha waya. Kazi ya nusu saa tu. Lakini mule ndani umeme unapata mutu mbio kuliko inje.

Sababu gani? Mutu amepiga magoti, mugongo unagusa chuma, nguo imelowa jasho, buti ziko katika maji. Inje, umeme ukikugusa, pengine utaruka nyuma. Ndani ya siterni utarukia wapi? Volti 220, ile ile ya nyumbani, inatosha kuua. Ndiyo maana taa ya mukono ya kuingia nayo inapashwa kuwa ya volti 24, na transfo inabaki inje. Mwenye kuingiza transfo ndani ameingiza hatari yenyewe.

Tena, kukata umeme haitoshi. Tunakata, tunafunga na kadena, tunatundika kibao chenye jina, kisha tunapima kama waya umekufa kweli. Chombo cha kupima nacho tunakijaribu kwanza fasi yenye umeme, kisitudanganye. Wakiingia watu watatu, kadena ni tatu. Funguo haibaki kwa shefu wala kwa rafiki. Mwenzako wa zamu ingine hajui kama uko ndani. Akikuta disjonkteri imeanguka, atairudisha.

Adui wa pili ni hewa. Hewa nzuri iko na oksijeni karibu 21 kwa mia; ikishuka chini ya 19,5, musiingie. Kutu peke yake, ndani ya siterni yenye kufungwa, inakula oksijeni, na pua haijui. Mupime na mashini, mutie vantilateri. Lakini musipulize oksijeni ya chupa: cheche moja, na nguo zinawaka sawa karatasi.

Mutu mumoja anabaki pa mulango wakati wote. Kazi yake ni kuangalia na kuita, hapana kuingia. Mwenzake akianguka, moyo utamusukuma: ingia! Asiingie. Akate umeme, aite wenye vyombo vya kuokoa. Mara nyingi mwenye kukimbilia ndani anakufa pembeni ya mwenzake, na nyumba mbili zinalia.

Tunajua shefu atasema: «Fanya mbio, maji inapanda!» Ni kweli, pompe ni uzima wa mugodi. Kule Kipushi, mwaka 2011, pompe ilishindwa na maji ikafunika mashimo ya chini. Lakini kufunga kadena na kupima ni dakika chache tu. Mashimo ya Kipushi, maji ilitolewa tena. Mutu hatolewi mara ya pili.

Basi bamama, leo jioni, mbele ya kuweka bukari pa meza, mumuulize bwana: «Kadena yako iko wapi?» Akisema anatumia ya shefu, musimuache alale mbele hamujaongea.