Je, Wajua? Jitu la Kweli Huacha Mfupa

Mwaka 1861, John Speke alifika Karagwe akiwa katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mfalme Rumanika alimpokea vizuri, na hapo ndipo Speke aliposimuliwa habari za viumbe wa kutisha walioishi upande wa magharibi, katika nchi ya Rwanda. Aliambiwa kwamba viumbe hao hawawezi kusema na watu, na hawajitokezi ila wanapoona wanawake wanapita. Hapo huwakumbatia na kuwabana mpaka wafe. Speke aliyaandika hayo katika kitabu chake cha safari, yakabaki humo kama hadithi ya mazimwi.

Agosti 1902, kapteni Mjerumani aitwaye Robert von Beringe alitoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, akiwa na askari na wapagazi, akaelekea kaskazini. Huko, mwezi wa Oktoba, aliamua kupanda Sabinyo, mmoja wa milima ya volkano ya Virunga, pale ambapo leo Rwanda, Uganda na Kongo zinapakana. Walipiga kambi kwenye mwinuko wa mita 3,100 hivi. Wakiwa kambini wakaona juu yao kundi la nyani wakubwa weusi wakikwea kuelekea kileleni. Bunduki zikalia, wawili wakaporomokea korongoni, na baada ya kuhangaika kwa saa nyingi na kamba wakafanikiwa kumpandisha mmoja. Alikuwa dume mwenye kimo cha mita moja na nusu na uzito uliokaribia kilo 100. Safari ya kurudi nayo ilikuwa na mkasa wake: fisi alikula ngozi na mkono mmoja. Mifupa iliyobaki ilifika Berlin, na mwaka 1903 Paul Matschie, mtaalamu wa makumbusho ya huko, akamtangaza mnyama huyo kwa jina la kisayansi la Gorilla beringei.

Wenyeji wa Virunga walimjua mnyama huyu tangu zamani. Kwa Kinyarwanda ni ingagi, na wawindaji wa Kitwa walipishana naye kwenye mianzi ya milima hiyo. Kilichoongezwa na masimulizi kabla hayajamfikia Speke ni ile tabia ya kuua wanawake. Gorila wa milimani hula majani, mashina na machipukizi ya mianzi, na dume anapojipiga kifua, mara nyingi anataka tu uondoke mbele ya familia yake. Habari ile ya Karagwe ilikuwa na mnyama wa kweli ndani yake, ikabebeshwa hofu ya watu ambao hawakupata kumkaribia. Mifupa ndiyo iliyotenganisha kimoja na kingine.

Hali kama hiyo ilikwisha kutokea upande wa pili wa Afrika. Andrew Battell, baharia Mwingereza aliyeshikwa na Wareno akakaa miaka mingi Angola, alirudi kwao mwanzoni mwa karne ya 17 akieleza habari za pongo, jitu la msituni lenye umbo la mtu. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla mmisionari Mmarekani Thomas Savage hajaonyeshwa fuvu la mnyama huyo Gabon. Mwaka 1847, yeye na mtaalamu wa anatomia Jeffries Wyman wakatoa maelezo ya kwanza ya kisayansi ya gorila.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwacheka watu wanaosimulia majitu yenye manyoya. Nawauliza swali moja tu: limeacha nini nyuma? Mnyama mkubwa anayezaliana lazima awe na ndugu zake wa kutosha, na wote hao hula, hunya, huumwa na kufa. Hata msitu mnene kiasi gani hauwezi kuficha yote hayo milele.

Jitu linalojulikana kuliko yote ni yeti wa Himalaya. Mwaka 1921, msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Howard-Bury, uliokuwa ukipeleleza njia ya kupanda Everest, ulikuta nyayo kwenye theluji ya Lhakpa La, na wapagazi wakasema ni za mtu-mwitu wa theluji. Habari ilipofika kwa mwandishi mmoja wa gazeti la Calcutta, dunia nzima ikaipata. Mwaka 1951 mpanda milima Eric Shipton akapiga picha ya unyayo mpana kwenye barafu ya Menlung, shoka la barafu likiwa limelazwa kando yake ili ukubwa uonekane. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi mno, na yeyote aliyeitazama hawezi kuisahau.

Lakini Nepal kulikuwa na kitu kinachoshikika. Monasteri ya kijiji cha Khumjung huhifadhi kitu kama kofia ndefu iliyochongoka juu, cha ngozi kavu, ngumu, yenye nywele fupi za rangi ya hudhurungi. Kilisemwa kuwa ni ngozi ya kichwa cha yeti. Mwaka 1960 Edmund Hillary, yule aliyesimama kileleni Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, aliomba kuiazima. Wazee walikubali kwa masharti, na mzee wa kijiji, Khumjo Chumbi, akafuatana nayo mpaka Chicago, Paris na London. Wataalamu wakabaini kwamba ni ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi, iliyovutwa juu ya kitu kilichochongwa ikiwa bado mbichi na kuachwa ikaukie hapo. Kwa Washerpa, wenyeji wa kijiji hicho, hicho ni kitu cha ibada, na kilirudishwa kwao kama ilivyoahidiwa.

Baadaye vikaja vinasaba. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford alitangaza matokeo ya nywele 30 zilizosemekana kuwa za majitu kutoka pande mbalimbali za dunia. Zote zilitoka kwa wanyama wanaojulikana. Mwaka 2017, mtafiti Charlotte Lindqvist na wenzake walichunguza sampuli 9 za yeti zilizokuwa zimehifadhiwa, zikiwemo mifupa, jino, ngozi na kinyesi. Nane zilikuwa za dubu na moja ya mbwa. Dubu anapotembea, mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga sehemu ileile iliyokanyagwa na mguu wa mbele, nyayo mbili zikawa moja ndefu; jua likiyeyusha kingo, alama hiyo inazidi kupanuka. Isitoshe, dubu husimama kwa miguu miwili anapotaka kunusa au kutazama mbali.

Dubu yumo pia katika habari za Amerika Kaskazini. Watu wa Sts'ailes wa British Columbia, Kanada, walikuwa na masimulizi ya sasquatch muda mrefu kabla ya magazeti. Jina la Bigfoot lenyewe lilitapakaa mwaka 1958, baada ya dereva wa tingatinga aliyekuwa akichonga barabara huko Bluff Creek, California, kukuta nyayo kubwa kuzunguka mtambo wake. Mkandarasi wa kazi ile, Ray Wallace, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilionyesha miguu mikubwa ya mbao iliyochongwa, ikasema ndiyo aliyotumia. Mwaka 1967, katika eneo hilohilo, Roger Patterson na Bob Gimlin walipiga ile filamu fupi ya kiumbe mweusi anayegeuka kutazama nyuma, na mabishano juu yake hayajaisha. Katika miaka ya 1970 FBI ilipima nywele zilizodaiwa kuwa za jitu hilo, ikaona ni za kulungu. Na mwaka 2024 mtafiti Floe Foxon alichapisha hesabu zake: kule ambako dubu weusi ni wengi, ndiko taarifa za Bigfoot zinakoongezeka.

Siamini kwamba wengi wa walioona ni waongo. Mtu akikutana na mnyama mkubwa jioni, kwa sekunde tatu, moyo ukimwenda mbio, atakieleza kile ambacho hofu ilimruhusu kukiona. Waongo wamo, lakini wao peke yao wasingetosha kujaza habari za karne nzima.

Na nyani jitu alikuwepo kweli. Mwaka 1935 mtaalamu wa visukuku G. H. R. von Koenigswald aliingia katika duka la dawa za Kichina Hong Kong, mahali ambapo meno ya kale huuzwa kwa jina la mifupa ya joka ili yasagwe kuwa dawa. Humo akakuta gego kubwa kupita la nyani yeyote anayejulikana. Mwenye jino hilo akaitwa Gigantopithecus. Mpaka leo amepatikana kwa karibu meno 2,000 na taya nne tu, hakuna hata mfupa mmoja wa mguu, kwa hiyo kimo cha mita 3 kinachotajwa ni makadirio. Mwaka 2019 protini zilizotolewa kwenye jino lake zilionyesha kuwa ni ndugu wa orangutani, na utafiti wa 2024 ukaonyesha kwamba alitoweka kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita, misitu ya kusini mwa China ilipobadilika na vyakula alivyovizoea vikapungua. Wapo wanaotaka kumfanya babu wa yeti. Tatizo ni lile pengo la zaidi ya miaka laki mbili bila jino hata moja, wakati yeye ni mnyama aliyeacha meno kwa maelfu.

Tanzania inao mfano wa jambo hili, ingawa mnyama wake si jitu. Wanyakyusa wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe wana masimulizi mengi ya wanyama na mizimu, na miongoni mwake alikuwemo kipunji, nyani mwenye haya anayeonekana kwa nadra. Wageni walidhani ni mmoja wa wale wa hadithi. Mwaka 2003 mtafiti Tim Davenport na wenzake, walioambiwa habari zake na wawindaji, walimfuatilia mpaka wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa rasmi. Mwaka huohuo kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima. Mwili wake ndio uliotoa vinasaba, na vinasaba vikaonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Wawindaji walisema kweli, na mtego wa shambani ukatoa ushahidi.

Kwa jitu halisi la siku zetu inabidi twende kaskazini mwa Kongo, kwenye misitu ya Bili na Bondo, katika nchi ya Wazande. Wawindaji wa huko husema sokwe ni wa aina mbili: wale wa kawaida wanaopiga miti, na wengine wakubwa, wa ardhini, wanaoua simba na wasioanguka hata kwa mshale wa sumu. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yalikuwa na mafuvu ya gorila yaliyoandikwa kuwa yametoka maeneo hayo, mamia ya kilomita kutoka kwa gorila yeyote anayejulikana. Mwaka 1996 Karl Ammann, mpiga picha Mswisi anayeishi Kenya, akaenda kutazama mwenyewe.

Gorila hakumwona. Alichokipata kilizidi kutatanisha. Kulikuwa na fuvu lenye ukingo wa mfupa juu ya utosi, kama wa gorila dume, lakini kwa vipimo vingine ni la sokwe. Kulikuwa na nyayo za sentimita 28 hadi 34, ndefu kupita za gorila mkubwa. Na kulikuwa na viota vilivyojengwa chini, ardhini, katika msitu wenye chui, ilhali kwingineko sokwe wengi hulala juu ya miti. Mwaka 2001 kundi la wataalamu, George Schaller akiwa mmoja wao, likaenda, likakuta viota vilivyotumika na kurudi bila kumwona mwenye viota.

Jibu lilitoka kwenye vinyesi na nywele. Vinasaba vilisema ni sokwe mtu wa mashariki, aina ileile ya Gombe na Mahale. Mtafiti Cleve Hicks, aliyeanza kukaa msituni humo mwaka 2004, hatimaye akawaona kwa macho yake. Karibu na barabara walimkimbia kama sokwe wote wanavyomkimbia mwindaji. Ndani kabisa, ambako bunduki zilikuwa hazijafika, walikuja kumzunguka na kumtazama. Ni wakubwa, lakini ndani ya kipimo cha sokwe. Kuhusu simba, hakuna aliyewaona wakiua, ila sokwe mmoja alionekana akila mzoga wa chui.

Maisha yao yanasisimua kuliko hadithi. Utafiti wa Hicks na wenzake uliotolewa mwaka 2019, katika eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi, uliwakuta wakitumia vijiti virefu kuchokonoa siafu na vijiti vifupi kupata asali. Vichuguu hawavichokonoi kwa vijiti ili kuvua mchwa kama ndugu zao wa Gombe. Huvibomoa na kuvipondaponda, na hivyo ndivyo wanavyopasua konokono wakubwa na hata makobe. Viota vya ardhini ni vya kawaida katika eneo lote hilo. Ni utamaduni mmoja uliotandaa katika nchi kubwa, ambao hakuna aliyekuwa akiufikiria alipokuwa akitafuta jitu.

Kuanzia mwaka 2007 wachimbaji wa dhahabu waliingia kuzunguka Bili, na biashara ya nyamapori ikashika kasi. Ndiyo maana watafiti haohao walilazimika kuhesabu, pamoja na viota vya msituni, watoto yatima wa sokwe waliokuwa wakiuzwa mjini Buta. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au zaidi, na mtoto hukaa na mama yake miaka mingi akitazama namna konokono anavyopasuliwa na kiota kinavyotandikwa chini. Ili mtoto huyo afike sokoni akiwa hai, kwa kawaida mama yake ameuawa kwanza.