Je, Wajua? Hisabati, gwanda na miezi 15 ya mtaani

Je, wajua kwamba hesabu iliyozungumzwa sana nchini mwaka 2025 ilitangazwa Singida? Mei Mosi ile, uwanja wa Bombadia, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ongezeko ni 130,000. Gawa kwa 370,000, unapata asilimia 35.1. Mwenye hisabati ya kidato cha pili aliipata kabla makofi hayajaisha.

Je, wajua ni wangapi wasingeipata? Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, karibu wanne kati ya kila watano walifeli Hisabati. Ndiyo maana kijana wa Kiomboi au Ikungi akitoka na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) safi, ukoo mzima unakaa kikao: huyu tumpeleke chuo kikuu Mlimani au jeshini Monduli?

Je, wajua kwamba Monduli haitoi shahada ya hisabati? Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kilichoko huko hutoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Anayetaka namba tupu aende Dar es Salaam au Dodoma, kisha asubiri jeshi litangaze nafasi za wasomi.

Je, wajua kwamba deni la bumu, yaani mkopo wa chuo, si zimwi kama linavyosimuliwa? Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mhitimu analipwa 800,000 na anadaiwa milioni 12. Makato ni 120,000 kwa mwezi, deni linaisha kwa miezi 100: miaka minane na miezi minne. Zamani kilio kilikuwa ile tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, na deni likawa kama maji ya mtungi wenye chemchemi ndani. Ilifutwa 2021. Sasa deni limesimama palepale wakati bei za vitu zinatembea. Zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, zile 120,000 za mwezi wa mwisho zitanunua vitu ambavyo leo unavipata kwa 94,000 hivi. Kwa maneno mengine, mfumuko wa bei unakusaidia kulipa.

Hasara kubwa iko kwingine. Stendi ya Misuna nilimsikia mzee mmoja, anafunga matenga ya kuku juu ya basi, akimhoji mpwa wake mwenye barua ya chuo mkononi. Kijana alieleza ada, mkopo, makato, yote kwa ufasaha. Mzee akakaza kamba, akasema: “Hilo deni nimelielewa, mjomba. Ukishamaliza, mtaani unakaa muda gani?” Kijana akaanza kuikunja barua.

Je, wajua jibu lina uzito gani? Kwa mshahara uleule wa 800,000, miezi 15 ya kusubiri ajira inameza milioni 12, yaani deni lote la chuo. Ofisa mwanafunzi wa Monduli halijui pengo hilo: siku anayotunukiwa kamisheni ndiyo siku anayokuwa luteni usu, na luteni usu ana mshahara. Kwangu mimi, thamani ya chuo cha jeshi iko hapo kuliko kwenye ada. Ila ukiwa mwalimu wa hisabati pengo hupungua, maana ajira za ualimu zikitangazwa, masomo ya sayansi na hisabati ndiyo hutangulizwa.

Je, wajua kwamba wasomi wetu waliwahi kuandamana kwa hesabu ya namna hii? Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitembea hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mhitimu alitakiwa atumikie miaka miwili, na kwa miezi 18 ya hiyo apokee asilimia 40 tu ya mshahara. Piga hesabu: asilimia 60 inayokatwa, mara miezi 18, ni mishahara ya karibu miezi 11. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Hiyo ya pili hawakuwa wameiweka kwenye hesabu zao.

Je, wajua kwamba hata Napoleon, akiutafuta uofisa, alitahiniwa hisabati na mwanahisabati Laplace mwenyewe, mwaka 1785? Akashika nafasi ya 42 kati ya 58. Kwa haki, kozi ya miaka miwili aliimaliza kwa mmoja.

Je, wajua kwamba West Point, shule ya kijeshi ya Marekani iliyoanzishwa 1802, humfundisha mtu hisabati bila ada na kumlipa posho, halafu ikamdai angalau miaka mitano ya utumishi?

Na je, wajua kwamba Wafaransa wana majina ya viatu kwa utumishi na deni la namna hiyo? Katika École Polytechnique ya 1794, iliyo chini ya wizara ya majeshi, mwanafunzi Mfaransa hulipwa mshahara akisoma. Wanaoshika nafasi za juu na kuingia utumishi wa dola husemwa wametokea kwenye botte, yaani buti. Na fedha anazorudisha anayekimbilia kampuni binafsi huitwa pantoufle: ndara za kuvaa nyumbani.