Diploma peke yake haitoshi: namna ujuzi unavyopimwa kabla ya viza ya kazi



Katika vikao vya vijana huku Kivu kuna swali linalorudi mara kwa mara, na tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka wa 2025 linaulizwa zaidi: mtu mwenye ufundi au diploma anawezaje kuomba viza ya kazi ya ng'ambo kwa njia ya halali? Wanaouza ahadi mitaani wanajibu haraka: leta pesa na pasipoti. Jibu la kweli ni refu kidogo. Kabla ya viza kuna kupimwa ujuzi, na asiyejua hatua hiyo anaweza kuuza kiwanja cha familia kwa ajili ya safari ambayo haikuwezekana tangu mwanzo.

Tutatumia mfano wa Australia, kwa sababu nchi hiyo imefanya upimaji huu kuwa sharti la wazi kwa viza za wafanyakazi zinazotolewa kwa pointi. Nchi nyingine zina taratibu zao. Kanada huanza kwa kulinganisha diploma ya mgeni na diploma za kwake. Uingereza hutaka kwanza mwajiri mwenye leseni ya kuajiri wageni.

Nani anapima?

Si ambasade. Na Australia haina ambasade Kinshasa, kwa hiyo anayesema atapeleka faili yako huko, mwache aende peke yake. Upimaji umepewa taasisi za kila fani. Wahandisi hupimwa na Engineers Australia, wauguzi na ANMAC, walimu na AITSL, watu wa kompyuta na ACS. Mafundi wa umeme, makanika na maseremala huenda Trades Recognition Australia, na kazi nyingine nyingi ziko mikononi mwa VETASSESS. Mwombaji huchagua kazi moja katika orodha ya serikali, kisha anatuma faili kwa taasisi inayohusika na kulipa ada yake.

Taasisi inauliza jambo moja tu: je, masomo yako na kazi ulizofanya vinalingana na vile anavyotakiwa kuwa navyo mtu wa Australia mwenye kazi hiyo? Jina lililo kwenye kadi ya huduma halina uzito mkubwa. Anayeitwa inginia katika shirika, lakini kila siku alikuwa anapokea mafuta na kugawa magari, atapimwa kwa kazi ya mafuta na magari.

Ikikubali, inakupa barua ambayo kwa kawaida hudumu miaka 3. Barua hiyo si viza. Inakuruhusu kuingiza jina lako katika orodha ya wanaosubiri, na ukialikwa ndipo unapewa siku 60 za kuomba viza yenyewe. Lazima uwe nayo kabla ya kualikwa, na uwe hujafika miaka 45.

Pointi za chini ni 65. Chukua mtu wa miaka 30: umri unampa 30, diploma ya chuo kikuu 15, miaka 5 hadi 7 ya kazi nje ya Australia 10, na Kiingereza cha alama 7 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS kinampa 10. Jumla 65 kamili. Lakini wenye pointi nyingi ndio wanaoalikwa kwanza, na mara nyingi 65 haitoshi. Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, Kiingereza ndiyo sehemu nzito, na ndiyo sehemu inayoweza kuongezwa: kiwango cha juu kabisa kinaleta 20. Kwa maoni yetu, pesa ya kumlipa mtu wa mitaani ingefaa zaidi ikilipa mwalimu wa Kiingereza.

Mahali watu wetu wanapokwama

Kwanza ni jina la diploma. Katika utaratibu wetu wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka 3 akapata gradua, akaongeza 2 akapata lisansi. Lisansi hiyo ni miaka 5 baada ya diploma ya serikali. Katika Ufaransa, na sasa hata kwetu tangu vyuo vianze kuingia katika utaratibu wa LMD, neno hilo hilo linamaanisha miaka 3. Mpimaji aliye mbali akiona neno moja tu kwenye karatasi, anaweza kukupunguzia miaka 2 bila ubaya wowote. Kwa hiyo tuma alama za kila mwaka, kuanzia gradua, pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Pili ni uthibitisho wa kazi, na hapa ndipo faili nyingi zinaanguka. Taasisi hutaka barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa juma, kazi zilizofanywa kweli, na saini ya mtu anayeweza kuulizwa. Tena hutaka dalili kwamba ulilipwa: hati za mshahara, kodi, au karatasi za benki. Watumishi wa serikali walianza kulipwa kupitia benki mwaka wa 2011, nao wana pa kuanzia. Lakini fundi wa karakana ya Uvira aliyepokea franka mkononi kwa miaka 10 ana ujuzi bila karatasi hata moja. Huo si uvivu wake, ni hali ya nchi. Anaweza kuanza leo kuweka mikataba midogo, risiti za wateja na picha za kazi zenye tarehe.

Tatu ni wahandisi. Kuna mapatano ya mwaka wa 1989, Washington Accord, ambayo kwayo nchi kadhaa hukubaliana diploma zao za uhandisi. Kongo haimo. Mhandisi wetu ataandika ripoti ya ujuzi wake, yenye visa 3 vya kazi alizofanya yeye mwenyewe: daraja, bomba la maji, umeme wa hospitali. Anayenunua ripoti iliyokwisha kuandikwa hugunduliwa, kwa sababu maandishi hulinganishwa na ya wengine.

Wauguzi wakumbuke kwamba ANMAC hupima kwa ajili ya uhamiaji tu. Ruhusa ya kugusa mgonjwa hutolewa na ofisi nyingine, AHPRA, yenye masharti yake.

Walio wakimbizi

Mkimbizi aliyevuka mpaka ana njia nyingine kidogo. Kanada ilianza mwaka wa 2018 jaribio la kupokea wakimbizi kama wafanyakazi, wakiwemo waliokuwa Kenya, na Australia ikafuata mwaka wa 2021 pamoja na shirika la Talent Beyond Boundaries, ambalo halimtozi mkimbizi pesa. Masharti ya makaratasi yalilegezwa, lakini mwajiri alipaswa kupatikana. Aliyehama ndani ya Kongo, hata kama amepoteza vyote, kisheria si mkimbizi, na njia hii haimhusu.

Juu ya vyeti vya kubuni

Australia ikigundua hati ya uongo katika ombi, inaweza kukataa na kumfungia mwombaji kwa miaka 3; akidanganya juu ya utambulisho wake, miaka 10. Yule aliyekutengenezea hati hafungiwi, atabaki sokoni akitafuta mwingine. Mawakala wa uhamiaji wa Australia wamo katika rejista ambayo kila mtu anaweza kuisoma bure kwenye intaneti. Omba namba ya wakala, tafuta jina lake. Akikasirika, umeshapata jibu.

Aliyepoteza vyeti katika vita aanzie kwenye chuo chake, kwa orodha za matokeo ya mwaka aliofaulu, aombe hati mpya. Aliye navyo bado avipige picha zote mbili, mbele na nyuma, na kuzituma kwenye barua pepe yake na ya ndugu aliye mbali. Na barua ya kazi iombwe wakati mradi ungali wazi. Ukifungwa, na mkubwa aliyekusimamia akahamishwa, hakuna atakayebaki wa kuisaini.